Presha Inayokuja na Kuondoka: Mhadhara Kuhusu Uvimbe wa Tezi ya Adrenali



Waandaaji waliponiomba nizungumzie shinikizo la damu, nadhani walitarajia nije na habari za chumvi, unene na mazoezi. Mada hizo zina wasemaji wengi, tena wazuri. Mimi niliomba ruhusa nizungumzie presha ya aina moja tu, inayowapata watu wawili hadi sita katika kila elfu moja ya wenye presha. Nina sababu mbili. Kwanza, ni presha ambayo kwa wagonjwa wengi huondoka moja kwa moja uvimbe ukishatolewa. Pili, mgonjwa huyohuyo anaweza kufia mikononi mwetu sisi wataalamu, tena kwa dawa nzuri na kisu kizuri, kwa kuwa tu tulianza na kilichopaswa kuja mwisho.

Hiyo ndiyo shabaha yangu jioni hii: kuonyesha kwamba katika ugonjwa huu mpangilio ni sehemu ya tiba. Kwanza uushuku, halafu uupime, halafu utafute ulipo, halafu umwandae mgonjwa, ndipo umpasue. Nina hoja sita, na hazilingani urefu. Wanafunzi wanaweza kuandika. Wengine sikilizeni tu, hakuna mtihani.

1. Tezi yenyewe, na hesabu isiyokamilika

Juu ya kila figo imekaa tezi ya adrenali, yenye uzito wa gramu nne au tano tu. Gamba lake la nje hutengeneza kotisoli, aldosteroni na homoni nyingine ambazo bila hizo mtu hawezi kuishi. Kiini chake hutengeneza adrenalini na noradrenalini. Mkitaka kuzijua kazi zake, mkumbukeni mtu aliyekoswakoswa na bodaboda: moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka. Bodaboda ikishapita, tezi hunyamaza na mtu huendelea na safari yake.

Ndani ya kiini hicho kuna seli ziitwazo kromafini. Zikiota uvimbe, ugonjwa huo huitwa feokromositoma, jina alilolipendekeza mwanapatholojia Ludwig Pick wa Berlin mwaka 1912. Seli za jamii hiyo zipo pia nje ya tezi: kandokando ya uti wa mgongo, shingoni, hata kwenye ukuta wa kibofu cha mkojo. Uvimbe unaoota huko huitwa paraganglioma. Kwa leo nitauita wote uvimbe wa adrenali ili tusichoshane. Tabia yake ni kumwaga homoni wakati wowote, bodaboda iwepo au isiwepo. Gamba la nje nalo huota vimbe zake, za aldosteroni, za kotisoli, na saratani yenyewe, lakini hizo ni habari za siku nyingine.

Sasa hesabu. Katika nchi zinazoweka takwimu, wagonjwa wapya ni wawili hadi wanane kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania. Tukizidisha, na tukichukulia kwamba miili yetu haitofautiani na ya wenzetu, tunapata wagonjwa wapya kati ya 120 na 490 kila mwaka hapa nchini. Madaktari mliomo humu, ambaye mwaka huu amemtibu hata mmoja anyooshe mkono. Naona mikono ya kuhesabika, na yote imetoka upande mmoja wa ukumbi.

Wengine wako wapi? Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 1981 na madaktari wa Mayo Clinic, Marekani. Walipitia taarifa za maiti zilizopasuliwa hospitalini kwao kwa takribani miaka 50, wakakuta watu 54 waliokuwa na uvimbe huu. Waliogunduliwa wangali hai walikuwa asilimia 24 tu. Hiyo ni hospitali mashuhuri duniani, yenye maabara na wataalamu wa kila aina. Sisi tunaozika bila kupasua maiti tuwe waangalifu tunaposema kwamba ugonjwa fulani kwetu haupo.

2. Namna unavyojificha

Mfano ninaoutumia darasani ni wa mama wa miaka 35, muuza vitenge. Anainama kunyanyua robota. Anapoinuka, kichwa kinaanza kugonga kwa nguvu kisogoni, moyo unakwenda mbio, jasho linammiminika mpaka khanga inaloa. Uso unapauka na viganja vinakuwa baridi. Anawaambia majirani zake wa kibanda, kwa maneno anayoyarudia kila mara, "Leo nakufa." Baada ya robo saa hivi yote yamekwisha, amebaki mchovu. Kesho yake anakwenda zahanati, anapimwa presha: 130 kwa 80. Anapewa dawa ya malaria. Mara ya pili anaambiwa ni vidonda vya tumbo, mara ya tatu ni kukoma hedhi mapema.

Nyumbani ndugu zake wana jibu lao. Wanasema ana jini, na wanampeleka akanywe kombe. Siwacheki. Kitu kinachomjia mtu ghafla, kikamtikisa, kikaondoka bila kuacha alama, kinafanana hasa na kile ambacho wazee wamekuwa wakikieleza miaka yote. Sisi madaktari nasi tuna jini letu, tunaliita msongo wa mawazo. Mgonjwa akishaandikiwa hivyo kwenye faili, kila daktari anayefuata husoma maandishi ya mwenzake na kuacha kumsikiliza mgonjwa.

Dalili tatu za kukariri ni hizi: kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, jasho jingi, zote zikija pamoja kwa vipindi. Zikikutana kwa mtu mwenye presha, mshuku. Lakini msisubiri zote tatu. Wengine wana presha ya juu muda wote, kama mgonjwa mwingine yeyote wa presha. Wengine hawana dalili kabisa, uvimbe unaonekana kwa bahati pale wanapopigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine.

Maelezo ya kwanza yanayojulikana vyema ni ya Felix Fränkel, wa mji wa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1886. Msichana wa miaka 18 alilazwa kwa mashambulizi ya moyo kwenda mbio, kichwa, kizunguzungu, kutapika na jasho baridi. Mapigo ya mkono wake yalikuwa magumu, hayabonyezeki. Kipimo cha presha cha kufunga mkononi, hiki tunachokijua leo, kilikuwa bado hakijavumbuliwa. Alitibiwa kwa shampeni na sindano za etha, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya wakati ule, akafariki. Maiti ilipopasuliwa, adrenali zote mbili zilikuwa na uvimbe. Msichana huyu tutarudi kwake, kwani habari yake haikuishia 1886.

Na wapo wakubwa pia. Dwight Eisenhower, Rais wa Marekani aliyekuwa na presha ya kupanda na kushuka, na aliyepata shambulio la moyo akiwa madarakani mwaka 1955, alifariki mwaka 1969. Uchunguzi wa maiti yake ulikuta uvimbe wa sentimita moja na nusu katika adrenali ya kushoto. Kama rais mwenye madaktari wa jeshi zima aliweza kupitwa, muuza vitenge wetu ana hali gani?

Basi nani apimwe? Mwenye vipindi kama vya yule mama. Kijana chini ya miaka 30 mwenye presha kali, hasa akiwa mwembamba na sukari imeanza kupanda. Mgonjwa ambaye presha haishuki kwa dawa tatu anazozimeza kweli. (Nimesema anazozimeza kweli. Muulizeni kwanza kama anazo, halafu muulizeni bei yake.) Aliyewahi kupandishwa presha vibaya na dawa za usingizi chumba cha upasuaji, au na sindano ya metoklopramidi tunayoitoa kila siku kwa kutapika. Anayepatwa na kichwa na moyo kwenda mbio kila akikojoa. Huyo usimpeleke kwa daktari wa akili, mtazame kibofu. Yeyote mwenye ndugu wa damu aliyepata uvimbe huu. Na kila aliyeonekana na uvimbe wa adrenali kwenye picha bila kutarajiwa, isipokuwa picha yenyewe ikionyesha wazi kuwa umejaa mafuta.

Wakunga na wauguzi wa wodi ya wazazi, nawaomba mnisikilize hapa. Mjamzito mwenye presha ya juu tunamhesabu moja kwa moja kuwa na dalili za kifafa cha mimba, na mara nyingi sana tuko sahihi. Lakini presha ikianza kabla ya wiki ya 20, mkojo ukawa hauna protini, presha ikawa inapanda na kushuka ndani ya saa moja, na mama akawa anatokwa jasho na kupauka, simamisheni wazo la kwanza. Uchungu wa kuzaa na uzito wa mimba vinaweza kuuchokoza uvimbe huu ukamwaga homoni nyingi kwa mkupuo. Mama anayejulikana mapema ana nafasi nzuri ya kupona na mtoto wake. Anayegunduliwa mezani yuko kwenye hatari kubwa.

3. Maabara kwanza, picha baadaye

Hapa ndipo tunapoanza kukosea mpangilio. Mgonjwa akishashukiwa, mkono wa daktari unakwenda kwenye fomu ya CT. Ninaelewa kwa nini: mashine za CT sasa zipo hospitali nyingi za rufaa, na picha inashikika. Lakini watu wengi, hasa wenye umri mkubwa, wana vinundu vya adrenali visivyo na madhara yoyote. Ukianza na picha utakuta kinundu, na hutajua kama ndicho kinacholeta presha. Au usikione, ukamrudisha nyumbani mtu ambaye uvimbe wake uko kifuani au kwenye kibofu.

Kinachopimwa ni metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini na noradrenalini baada ya kuchakatwa. Uzuri wake ni kwamba uvimbe huu huzichakata homoni ndani yake mchana na usiku, hata siku ambayo mgonjwa hana shambulio. Hivyo huhitaji kumvizia mgonjwa katikati ya kipindi chake. Kipimo cha damu kinataka mgonjwa alale chali na kutulia kwa nusu saa kabla ya kuchomwa sindano. Ukimchukua damu akiwa ameketi, ametoka kugombania daladala, majibu yatapanda na utamtisha bure.

Mahali ambapo utulivu huo haupatikani, tumia mkojo wa saa 24. Muuguzi anayetoa maelekezo haya aketi na mgonjwa, asiyasemee mlangoni. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, na saa inaandikwa kwenye dumu. Kuanzia hapo kila tone linaingia dumuni, la mchana na la usiku, hadi mkojo wa kwanza wa kesho yake asubuhi saa ileile, huo nao unaingia. Dumu lina asidi ndani, kwa hiyo asilikojolee moja kwa moja. Atumie kikombe, kisha amimine taratibu. Likae mahali pa baridi, mbali na watoto. Maabara ipime na kreatinini, ili ijulikane kama mkojo umetimia. Muulizeni pia dawa anazotumia: baadhi ya dawa za sonona hupandisha majibu, na panado huweza kuvuruga baadhi ya mashine za kupimia.

Majibu yakiwa ya kawaida, karibu umeshaufuta ugonjwa. Yakizidi kidogo, rudia kwa makini kabla ya kuogopa. Yakizidi kiwango cha juu mara tatu au zaidi, sasa nenda kwenye CT ya tumbo na nyonga, au MRI kwa mjamzito na mtoto. Vimbe nyingi zimo tumboni, na nyingi zinapogunduliwa zina kipenyo cha sentimita tatu hadi tano.

Na jambo moja halina mjadala: msichome sindano kuchukua kinyama cha uvimbe wa adrenali kabla maabara haijaondoa shaka. Sindano inaweza kufungulia homoni zote kwa mkupuo, mgonjwa akafa kwenye kitanda cha vipimo.

Najua mtaniuliza: kipimo hicho kiko wapi? Hospitali nyingi za ukanda wetu hazina. Sampuli husafirishwa, gharama hubebwa na mgonjwa, na majibu huchukua muda. Nitalirudia suala hili mwishoni, kwa kuwa ninyi viongozi mnaweza kulifanyia kazi kuliko mimi.

4. Maandalizi, mahali tunapoua kwa haraka

Uvimbe umepimwa, umeonekana. Ndugu wanauliza, upasuaji lini? Kesho? Hapana. Angalau siku saba hadi 14 za maandalizi, na mara nyingine zaidi.

Homoni hizi hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina mbili kuu, alfa na beta. Vipokezi vya alfa hubana mishipa ya damu. Vya beta huongeza kasi na nguvu ya moyo, na baadhi yake hulegeza mishipa ya misuli. Daktari anamwona mgonjwa moyo unakwenda 130 kwa dakika, anaandika propranololi au atenololi, dawa za kuzuia beta. Kwa magonjwa mengi amefanya vyema. Kwa huyu amefunga mlango pekee uliokuwa ukilegeza mishipa, akaiacha alfa inabana bila mpinzani, na wakati huohuo ameupunguzia moyo nguvu ya kusukuma. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, ukanyage katikati, kisha upunguze nguvu ya pampu: hicho ndicho alichofanyiwa mgonjwa. Presha inaruka, mapafu yanajaa maji.

Kwa hiyo alfa kwanza, beta baadaye, na beta ipewe tu kama moyo bado unakwenda mbio baada ya siku tatu au nne za dawa ya alfa. Wanafunzi, hili mkilisahau, msiseme mlifundishwa na mimi.

Dawa ya alfa ya siku nyingi ni fenoksibenzamini. Ni ghali, na kwetu ni adimu. Lakini zipo doksazosini na prazosini. Doksazosini ni ileile wanayopewa baadhi ya wazee wenye tezi dume iliyokua. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha fenoksibenzamini na doksazosini kwa wagonjwa 134. Muda ambao presha ilitoka nje ya mipaka wakati wa upasuaji haukutofautiana. Fenoksibenzamini iliutuliza mwili vizuri zaidi kidogo, lakini hali za wagonjwa baada ya upasuaji zilikuwa sawa. Kwa nchi yenye bajeti kama yetu, hizo ni habari njema, na kwa maoni yangu hatuna sababu ya kuahirisha upasuaji tukisubiri dawa ya bei kubwa.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wagonjwa na kuwaudhi wapishi wa wodini. Mgonjwa wa presha, ambaye maisha yake yote ameambiwa aache chumvi, sasa tunamwambia ale chumvi na anywe maji mengi. Mishipa yake imebanwa kwa miezi au miaka, na damu imepungua ujazo ili itoshe katika nafasi hiyo ndogo. Dawa ya alfa inapoilegeza mishipa, nafasi inakuwa kubwa na damu haitoshi. Asipojazwa maji na chumvi kabla, uvimbe ukitolewa presha itaanguka vibaya. Hii inaanza baada ya dawa ya alfa kuanza kazi, na iwe kwa uangalifu kwa mwenye moyo au figo dhaifu.

Utajuaje kwamba yuko tayari? Akiketi, presha iwe chini ya 130 kwa 80. Akisimama, ya juu isishuke chini ya 90. Mapigo yakae kati ya 60 na 80. Na atakulalamikia kwamba pua imeziba kama mwenye mafua. Msimpe dawa ya mafua, tafadhali, nyingine hupandisha presha. Hiyo pua iliyoziba ni ushahidi kwamba alfa imezuiwa.

5. Chumba cha upasuaji

Mwaka 1926 uvimbe huu ulitolewa kwa mafanikio mara mbili, pande mbili za bahari. César Roux aliutoa Lausanne, Uswisi, na miezi michache baadaye Charles Mayo akautoa Rochester, Minnesota, kwa mtawa mmoja kutoka Kanada. Hakuna kati yao aliyejua kabla ya kupasua kwamba anakwenda kukutana na nini. Miaka mingi baada yao vifo mezani viliendelea kuwa vingi. Leo, katika vituo vyenye uzoefu, ni chini ya asilimia 3, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na maandalizi niliyoyaeleza na mikono ya madaktari wa usingizi.

Tangu Michel Gagner wa Montreal alipochapisha mwaka 1992 habari za kutoa adrenali kwa matundu madogo na kamera, vimbe nyingi zisizozidi sentimita sita hutolewa hivyo. Kubwa zaidi, au zilizoshikamana na viungo vya jirani, bado zinataka tumbo kufunguliwa.

Natamani wananchi mngeiona saa hiyo moja. Presha inasomwa kwa mrija uliowekwa ndani ya mshipa wa mkono, pigo kwa pigo. Mpasuaji anapougusa uvimbe, namba kwenye skrini zinapanda: 160, 190, 220. Daktari wa usingizi anasema, "Acha." Mpasuaji anaondoa vyombo vyake na kungoja, huku dawa za kushusha presha za haraka, au magnesi ileile ya kifafa cha mimba, zikiingia. Namba zinashuka, kazi inaendelea. Kisha unafikiwa mshipa unaotoa damu ya tezi. Wa kushoto ni mrefu kiasi na huingia kwenye mshipa wa figo. Wa kulia ni mfupi sana na huingia moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa mwili, na hapo mkono haupaswi kuteleza. Mpasuaji anasema kwa sauti, "Nafunga mshipa sasa." Sentensi hiyo lazima isemwe. Dakika chache baadaye homoni zimekatika, na presha iliyokuwa 200 inaweza kuwa 70. Daktari wa usingizi aliyeambiwa amekwisha kuzima dawa za kushusha na kufungulia maji. Asiyeambiwa bado anashusha.

Usiku huo muuguzi apime sukari kila mara, kwa kuwa nayo huanguka mgonjwa akiwa bado amelala, na watu wanadhani ni usingizi wa dawa.

6. Ukoo

Tulipokuwa wanafunzi tulikariri kanuni ya kumi: asilimia 10 ya vimbe hizi ziko pande zote mbili, asilimia 10 nje ya adrenali, asilimia 10 zinasambaa, asilimia 10 za kurithi. Ilikuwa rahisi kukumbuka. Ile ya kurithi imeshaanguka: leo tunajua kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya wagonjwa wamezaliwa na jeni yenye hitilafu. Kuna RET, VHL, NF1, familia ya SDH, na nyingine zaidi ya kumi.

Mwaka 2007 watafiti waliwafuata ndugu wa yule msichana wa Freiburg, vizazi kadhaa baada ya kifo chake. Walikuta hitilafu ya jeni ya RET, ile inayoleta uvimbe wa adrenali pamoja na saratani ya tezi ya shingo, ikiwa bado inatembea katika ukoo ule. Miaka 121, na damu ilikuwa haijasahau.

Mojawapo ya jeni hizi, SDHD, ina tabia ya ajabu. Mtu huugua akiirithi kwa baba. Akiirithi kwa mama, kwa kawaida haugui, lakini anaweza kuwapitishia watoto wake. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuruka kizazi kizima, na ukoo ukasema umekwisha. Anayechukua historia ya familia aulize pande zote mbili, kuumeni na kukeni, na aulize juu ya ndugu waliokufa ghafla wakiwa vijana, wakiwa leba, au wakiwa kwenye upasuaji mdogo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimo ndani zaidi ya nguo.

Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani halizigawi tena vimbe hizi kuwa salama na hatari. Kila mmoja huchukuliwa kuwa unaweza kusambaa. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba amepona na asirudi. Apimwe metanefrini wiki mbili hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila mwaka kwa angalau miaka kumi, na mwenye jeni au aliyepata akiwa kijana apimwe maisha yake yote. Aliyetolewa adrenali zote mbili atameza haidrokotisoni na fludrokotisoni kila siku, na asiziache hata akisafiri msibani. Wale ambao uvimbe umesambaa wana tiba ya iodini ya mionzi, kemotherapi, na tangu 2025 Marekani imeruhusu kidonge cha belzutifani. Bei yake kwa sasa sitaitaja mbele ya watu wazima wenye presha.

Tunakwenda wapi

Ndugu Mwenyekiti, naona umetazama saa. Nimalizie na maombi.

Hospitali zetu za kanda hazihitaji kila moja kuwa na mashine ya metanefrini. Inatosha moja kwa nchi nzima, yenye utaratibu wa kupokea sampuli zilizogandishwa, bei inayolipwa na bima, na majibu yanayorudi kwa simu ya daktari aliyeomba. Tukiwaunganisha wenzetu wa Kenya na Uganda, mashine hiyo itakuwa na kazi ya kutosha. Upasuaji wenyewe ufanyike vituo vichache, na timu zilezile, kwani timu inayofanya kazi hii mara moja kwa miaka mitatu haitaizoea. Tuwe na daftari moja la wagonjwa, liwe na majina ya wanaopaswa kuitwa kila mwaka, ili hesabu ya 120 au 490 iache kuwa ya kuzidisha kwenye karatasi. Na kijana anapofariki ghafla akiwa na presha, tuzungumze na ndugu zake kwa upole kuhusu kupasuliwa, kwa faida ya walio hai.

Hayo yanahitaji bajeti na vikao. Ombi langu la mwisho halihitaji hata shilingi, na linaweza kuanza kesho asubuhi kwenye kliniki ya presha ya hospitali hii. Kabla hujamwandikia mgonjwa dawa ya nne, weka kalamu chini umuulize: je, huwa unapatwa na kichwa, moyo kwenda mbio na jasho, vyote kwa wakati mmoja? Akisema ndiyo, usimpe propranololi. Mpe dumu la mkojo.